Mchujo wa spidiwei: acha kuuliza inakimbia ngapi, tazama klachi

Vijana wa vijiwe vya bodaboda, iwe Kilombero hapa Arusha au kule stendi ya Moshi, wakionyeshwa spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo wa mviringo, kwenye simu huuliza kwanza: hii inakimbia ngapi? Swali lina jibu lake, ila halikusaidii kujua nani atafuzu. Anayetaka kufuatilia raundi za mchujo za ubingwa wa dunia asahau spidi. Atazame mkono wa kushoto wa dereva, ule ulioshika klachi. Mita 30 za kwanza ndizo zinazompeleka mtu mbele au kumrudisha kwao, na kinachoziharibu mara nyingi ni kitu ambacho fundi yeyote wa pikipiki wa mtaani anakijua kwa jina.

Hesabu ya usiku mmoja iko hivi. Madereva ni 16, mbio ni 20, na kila mbio ina watu wanne wanaopiga mizunguko minne, wote wakikata kushoto. Kila dereva anaingia uwanjani mara tano, na ratiba imepangwa ili akutane na kila mwenzake mara moja tu. Wa kwanza anachukua pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaambulia vumbi. Kila mbio inagawa pointi 6, usiku mzima 120, kwa hiyo wastani ni 7.5 kwa kila kichwa. Mwenye 11 anaweza kuanza kufunga vifaa vyake kwa amani. Mwenye 8 anakaa na kalamu akihesabu mbio za wenzake. Sasa angalia sifuri moja inavyouma: kwenye 15 zinazowezekana umebakiwa na 12, na kuzipata zote 12 lazima ushinde mbio zako nyingine zote nne. Ndiyo maana dereva mwenye akili haidharau nafasi ya pili. Pili, pili, tatu, pili, kwanza: hizo ni pointi 10, na hakuna aliyemwona akifanya maajabu.

Sifuri zenyewe nyingi haziletwi na uzembe wa kukimbia. Zinaletwa na sheria. Ukigusa utepe wa kuanzia kabla haujaruka juu, umetolewa. Dakika mbili za kufika mstarini zikiisha bado unahangaika na pikipiki, umetolewa. Magurudumu yote mawili yakivuka mstari wa ndani, umetolewa. Ukianguka na mbio zikasimamishwa kwa sababu yako, wenzako wanarudia, wewe unatazama.

Kosa la utepe ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu mtazamaji hudhani ni pupa. Pikipiki ya spidiwei haina breki, hata moja. Injini ni silinda moja ya cc 500, gia ya kukimbilia ni moja, na uzito hauruhusiwi kushuka chini ya kilo 77, yaani ni nyepesi kuliko bodaboda ya cc 150 unayoipanda kila siku. Dereva anasimama sentimita chache kutoka kwenye utepe, injini inalia, na kinachomzuia asiende ni klachi peke yake. Pleti za klachi zikipata joto zinapinda. Zikipinda hazitengani sawasawa hata lever ikibanwa mpaka mwisho, na hapo klachi inaburuta: pikipiki inajisogeza mbele kidogo kidogo kama mbuzi aliyeona majani. Tairi linagusa utepe, taa inawaka, basi. Wengine wanaepuka hilo kwa kupunguza moto mstarini, halafu utepe ukiruka injini haina nguvu ya kutosha na wanafika kona ya kwanza wakiwa wa nne. Nyumbani tunasema leo hana roho. Roho anayo, pleti ndizo zilizoungua.

Kwa hiyo kila baada ya mbio fundi anafungua klachi, anaangalia pleti moja moja, iliyobadilika rangi au kupinda anaitoa. Kisha anapima uhuru wa kebo. Kebo ikilegea mno, klachi haiachii na inaburuta. Ikikazwa mno, klachi haishiki sawasawa na inateleza, moto unakuwa mwingi na mwendo hakuna. Fundi wa bodaboda anayapima haya haya kwa kidole gumba barabarani. Tofauti ni kwamba yeye mteja wake atarudi kesho, na wa mchujo ana dakika chache kabla ya zamu inayofuata.

Sproketi, zile gia za mnyororo, ni jambo la pili, na hapa watu wa Kibosho na Old Moshi hawahitaji kufundishwa. Anayebeba mikungu ya ndizi mlimani anajua kwamba meno mengi nyuma yanampa mvuto na kumnyima mwendo. Spidiwei ni mchezo huo huo, ila unapigwa kwa jino moja moja. Tuseme mbele kuna meno 16 na nyuma 58: uwiano ni 3.63. Weka 59, unakuwa 3.69. Tofauti haifiki asilimia 2, lakini kwenye udongo uliolegea inatosha kumtoa mtu wa kwanza akawa wa tatu. Udongo ukiwa mzito na unashika, fundi anaongeza meno nyuma ili injini isizame. Uwanja ukikauka ukawa laini kama sakafu, anapunguza, kwa sababu nguvu nyingi zinaishia kuzungusha tairi hapo hapo lilipo.

Na uwanja haukai ulivyokuwa. Kila kundi likipita kwenye kona linatupa udongo kuelekea nje. Mwanzoni mwa usiku geti la ndani, yaani nafasi ya kuanzia iliyo karibu na mstari wa ndani, ndilo tamu, kwa kuwa njia ni fupi. Mbio zinavyosonga, ndani kunabaki kugumu na kuteleza, na nje kunajengeka mstari wa udongo unaoshika tairi. Trekta hupita kila baada ya mbio kadhaa kusawazisha, gari la maji linamwagilia, na mara tu baada ya maji hesabu yote ya sproketi inaanza upya. Dereva aliyeshinda mbio ya 3 kwa geti la ndani akaja kushindwa mbio ya 14 kwa geti hilo hilo hajachoka. Ameachwa na uwanja. Ratiba huwazungusha madereva kwenye mageti ya ndani na ya nje, na hiyo ndiyo haki kubwa iliyomo kwenye mfumo huu.

Mafuta nayo yana la kwao. Pikipiki hizi zinatumia methanoli. Petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, methanoli inataka 6.4 tu, kwa hiyo jeti ya kabureta, kitundu kinachopitisha mafuta, lazima ipitishe zaidi ya mara mbili. Faida yake ni kwamba inapoza injini na inavumilia mgandamizo mkubwa bila kugonga. Ubaya wake: inavuta maji kutoka hewani na kula alumini. Ukiiacha ndani ya kabureta wiki moja utakuta ukungu mweupe na vitundu vimeziba, hivyo mbio zikiisha humwagwa yote na mfumo kusafishwa. Tena ni sumu, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Usiichezee uani.

Kwa mtu wa Arusha, habari ya jeti ina utamu wa ziada. Pikipiki iliyowekwa sawa Dar es Salaam ikipandishwa huku, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, inakuwa na mafuta mengi kuliko hewa: plagi inakuwa nyeusi na injini inakohoa. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Siku mtu akitaka kujaribu mchezo huu hapa, hilo litamsumbua kabla ya jambo lingine lolote. Eneo si tatizo kubwa, maana uwanja wa spidiwei wa kimataifa ni kati ya mita 260 na 425, kadiri ya njia ya wanariadha inayozunguka uwanja wa mpira.

Sasa maoni yangu. Msururu wa Grand Prix, ndio unaoamua bingwa wa dunia, ulianza mwaka 1995, ambapo Hans Nielsen wa Denmark alikuwa bingwa wa kwanza, na viti vyake vinajazwa kwa njia kadhaa: waliomaliza juu msimu uliopita, wachache waliopita kwenye mchujo na fainali yake inayoitwa Challenge, na wengine wanaoteuliwa mezani. Hao wa mezani ndio wanaonikera. Hoja ya waandaaji inaeleweka, wanataka majina yanayojaza viwanja, na bingwa aliyevunjika mguu siku ya mchujo anastahili huruma. Lakini kila kiti cha kuteuliwa ni kiti kilichotolewa kwa mtu ambaye usiku ule klachi yake haikupimwa. Kiti kimoja cha majeruhi kingenitosha.

Wapo wanaotaka kinyume, kwamba pointi za mchujo zibebwe hadi fainali. Hilo lilishajaribiwa. Mwaka 1936, fainali ya kwanza ya dunia pale Wembley, madereva waliingia na pointi za nyongeza kutoka raundi za awali. Bluey Wilkinson wa Australia alishinda mbio zake zote tano, pointi 15 kamili, akamaliza wa tatu. Lionel van Praag, Mwaustralia mwenzake, na Mwingereza Eric Langton walifungana juu yake kwa sababu ya akiba waliyokuja nayo, na van Praag akachukua taji kwa mbio ya ziada. Wilkinson alisubiri hadi 1938. Mchujo ufungue mlango, ukishafungua unyamaze.

Na mlango huo ni mwembamba hata kwa wakubwa. Mwaka 2023 kwenye raundi ya Grand Prix huko Vojens, Denmark, bingwa wa dunia Bartosz Zmarzlik wa Poland alivaa suti isiyo ya mashindano kwenye mazoezi ya kupima muda, akaondolewa siku nzima akiwa anaongoza msimamo. Taji alilipata, ila ilibidi asubiri hadi raundi ya Toruń, Poland.

Ukikaa na simu yako siku ya mchujo, andika rangi za kofia, nyekundu, bluu, nyeupe na njano, na geti la kila mmoja. Kufika mbio ya 16 kila dereva atakuwa amebakiwa na zamu moja. Hapo rudi kwenye karatasi, tafuta wenye 7 na 8, uone nani kati yao yuko geti la nje na trekta limetoka kupita.