Lancia, Mosco, Vivaldi: nani mwandishi wa kwanza?

Mwaka 2008 wanahisabati watatu, Maria Rosaria Lancia, Umberto Mosco na Maria Agostina Vivaldi, walichapisha makala kuhusu homojenizesheni (kutafuta mlinganyo unaobaki vipande vinapozidi kuwa vidogo) ya tabaka jembamba linalopitisha joto, lenye umbo linaloikaribia fraktali, yaani umbo linalojirudia ndani yake kwa vipimo vidogo zaidi na zaidi. Mtu wa biolojia akiona majina hayo atasoma kwamba Lancia ndiye aliyefanya kazi, Vivaldi ndiye mwenye maabara, na Mosco yumo katikati kama msaidizi. Mtu wa hisabati atasoma L, M, V. Basi.

Kamati ya kupandisha vyeo inayotoa alama za ziada kwa "mwandishi wa kwanza" inasoma kama mtu wa biolojia. Tena huona mpangilio wa alfabeti ni njia ya kukwepa kusema nani alibeba mzigo. Ili kujua kama shutuma hiyo ina haki, tuitazame kazi yenyewe.

Chukua fraktali iitwayo mkunjo wa Koch. Mstari unagawanywa sehemu tatu sawa, ya katikati inaondolewa, na mahali pake vinawekwa vipande viwili vinavyosimama kama ncha ya pembetatu. Rudia kwa kila kipande. Hatua ya n inakupa vipande 4^n, kila kimoja kina urefu wa 3^-n. Hatua ya 5 ni vipande 1,024, na mstari uliokuwa na urefu wa 1 umefika 4.2 hivi. Sasa kivishe kila kipande tabaka jembamba linalopitisha joto kwa wepesi mkubwa. Unene ukienda sifuri huku n ikipanda bila mwisho, ni mlinganyo gani unaobaki juu ya mkunjo wenyewe?

Kwanza kuna hesabu ya vipimo. Ikiwa joto kwenye ncha mbili za kipande linatofautiana kwa d, nishati ya kipande hicho, yaani kipimo cha tofauti za joto ndani yake, ni 3^n mara d². Nishati ya fraktali yenyewe inadai 4^n mara d². Kwa hiyo zao la unene na upitishaji lazima likue kama (4/3)^n. Ukiliacha palepale, mchango wa tabaka unayeyuka kwa (3/4)^n, na kufikia hatua ya 10 umebakiwa na chini ya asilimia 6. Ukilikuza kupita kiasi, joto linalazimika kuwa sawa mkunjo mzima na hakuna cha kusoma tena. Halafu kuna pembe. Tabaka lenye unene uleule hupandana kwenye ncha za digrii 60, na eneo moja linahesabiwa mara mbili, hivyo tabaka linapaswa kupungua kuelekea ncha. Mwisho kuna uthibitisho kwamba nishati zinakaribia kikomo kwa maana aliyoiweka Mosco mwaka 1969: mfuatano wowote unaokaribia kwa udhaifu (kwa wastani tu) usishuke chini ya nishati ya kikomo, na kwa kila suluhisho la kikomo upatikane walau mfuatano mmoja unaolifikia kwa nguvu (tofauti yenyewe ikienda sifuri) bila nishati kuzidi.

Hatua hizo zinaonekana kama kazi tatu za watu watatu, lakini jaribu kuzitenganisha. Ukipunguza unene karibu na pembe, uzito wa nishati umebadilika na hesabu ya (4/3)^n inabidi irudiwe. Ukijenga mfuatano wa kulifikia suluhisho, unagundua umbo ulilochagua kwenye pembe halifai, unarudi kulichora upya. Kigezo kinachookoa makala nzima huenda ni mstari mmoja uliozaliwa kwa sababu mwenzako alisema jambo lisilo sahihi ubaoni. Huo mstari ni wa nani? Chama cha Hisabati cha Marekani kilieleza mwaka 2004 kwamba katika sehemu kubwa ya hisabati utafiti wa pamoja ni kushirikiana mawazo na ujuzi visivyoweza kugawiwa mtu mmojammoja, na ndiyo maana majina hupangwa kwa alfabeti. Wanahisabati Waingereza Hardy na Littlewood, walioandika pamoja kwa miaka mingi, walikwenda mbali zaidi: kwa mujibu wa mwanahisabati mwenzao Harald Bohr, walikubaliana kwamba si kitu hata kama mmoja wao hakuchangia chochote katika makala iliyobeba majina yote mawili.

Kamati isiyotaka kuamini desturi inaweza kupiga hesabu. Kama watu wawili wanapangwa kwa mchango, alfabeti itatokea kwa bahati mara 1 kati ya 2. Watatu, 1 kati ya 6. Wanne, 1 kati ya 24. Sasa fungua wasifu wa mwombaji mwenye makala 10 za waandishi watatu, zote zimefuata alfabeti. Bahati hiyo ni 1 kati ya 6^10, yaani 60,466,176. Orodha imeshajieleza yenyewe, na kumpa alama za uongozi kwa kuwa jina lake linaanza na B ni kugawa vyeo kwa herufi. Shida iko kwa makala za wawili: tano tu zikifuata alfabeti, hiyo ni 1 kati ya 32, ushahidi usiotosha kumshawishi mtu aliyekuja na shaka yake. Hapo barua ya mstari mmoja kutoka idarani inamaliza mambo.

Wanaopinga nao wana hoja, na iliyo nzito inatoka kwenye uchumi, fani nyingine inayopenda alfabeti. Wachumi Einav na Yariv walionyesha mwaka 2006 kwamba katika idara kubwa za uchumi Marekani, wenye herufi za mwanzo wana nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira ya kudumu. Katika saikolojia, isiyofuata alfabeti, hawakuona hivyo. Nzito kuliko hiyo ni ya mchumi Heather Sarsons na wenzake: wanawake wachumi walioandika pamoja na wanaume walipewa sifa pungufu kwa kazi ileile, ilhali katika sosholojia, ambako mpangilio hueleza mchango, pengo hilo halikuonekana. Mpangilio usiosema kitu unamwachia msomaji ajaze pengo, naye hulijaza kwa dhana zake. Hoja hiyo siioni kuwa imejibiwa na desturi ya wanahisabati.

Ila dawa inayopendekezwa mara nyingi, orodha ya majukumu 14 ya CRediT, mfumo wa kueleza kila mwandishi alifanya nini, haikukatwa kwa kipimo cha kazi hii. Ina programu, ina usimamizi, ina kutafuta fedha. Uthibitisho wa kihisabati haumo, labda uubane chini ya "uchambuzi rasmi", na hapo wote watatu watatia tiki. Wachumi Ray na Robson walipendekeza kura: majina yapangwe kwa bahati nasibu na alama ⓡ iwekwe kati yake. Hiyo inaondoa upendeleo wa herufi bila kudai mgawanyo usiokuwepo.

Kwetu kuna kero ya ziada. Mtu anayeitwa Asha Juma Yusufu, jina lake, la baba, la babu, kwa jina lake mwenyewe angekuwa wa kwanza. Jarida likichukua la babu kama jina la ukoo, anakwenda chini kwenye Y, na katika nukuu za "na wenzake" hatajwi kabisa.