Ukuta wa mbao wa Wakweka haukuwa wa kuwaficha wanawake
Mwandishi mmoja anadai ule ukuta wa mbao unaogawa nyumba za zamani za mikutano za Wakweka (yaani Marafiki, dhehebu la Kikristo) kule Pennsylvania, Marekani, uliwekwa ili wanawake wasionekane wakati wa ibada. Sivyo hata kidogo. Ibada ikianza mbao zilifunguliwa, wote wakakaa kimya chini ya paa moja, na mwanamke aliyeguswa na Roho alisimama akanena sawa na mwanamume. Zilifungwa baadaye, kwa kikao cha shughuli: wanaume kwao, wanawake kwao, kila upande na karani wake na kumbukumbu zake. Tazama nyumba ya mikutano ya Buckingham kule Pennsylvania, iliyojengwa 1768: nusu mbili zinazolingana, kila moja na mlango wake. Kabla ya hapo upande wa wanawake pengine ulikuwa chumba kidogo cha kuongezea tu. (Usawa kamili haukuwepo, maana mambo mazito mara nyingi yalisubiri idhini ya wanaume.) Sisi tuliolelewa katika Kanisa la Marafiki huku Vihiga, ambako wamisheni Wamarekani walifika Kaimosi mwaka 1902, tumezoea mimbari, mchungaji na kwaya. Kuna msomaji aliyewahi kuona ukuta wa namna hiyo katika kanisa lolote la Marafiki Kenya?