Mnaowashauri Wasenegali, mngekubali Kisukuma?

Kila mjadala wa lugha za Afrika ukizuka mtandaoni, hakosekani Mtanzania wa kuwapa Wasenegali somo: acheni Kifaransa, kifanyeni Kiwolofu lugha ya taifa, mbona sisi tuliweza? Somo hilo linanikera.

Kwanza, Kiwolofu hakikusubiri amri ya mtu. Wawolofu ni takriban asilimia 40 ya Wasenegali, lakini wanaokizungumza wanapita asilimia 80. Katiba inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi. Sokoni, ndani ya basi na redioni unasikia Kiwolofu. Karanga, zao la biashara, ndizo zilizokieneza. Reli ya Dakar hadi Saint-Louis, iliyokamilika mwaka 1885, ilikatiza Kajoor, nchi ya Wawolofu, na yeyote aliyekuja kuuza mavuno, kubeba magunia au kusaka kibarua mjini aliikuta lugha hiyo ikimsubiri stesheni. Halafu ikaja tarika ya Kisufi ya Murid. Mwanzilishi wake, Sheikh Ahmadou Bamba, aliandika kwa Kiarabu, ila wafuasi wake, Moussa Ka akiwa mashuhuri kati yao, walitunga mashairi ya Kiwolofu kwa herufi za Kiarabu. Msomaji wa tenzi za Pate na Lamu hahitaji kuelezwa nguvu ya jambo hilo. Mserere, mtu wa kabila jirani, aliyekwenda Touba, mji mtakatifu wa tarika hiyo, kutafuta sheikh alirudi na lugha juu yake.

Leo mtoto wa baba Mserere na mama Mfulani anaweza kukulia Dakar akisema Kiwolofu tu. Ukimuuliza kabila, atakutajia la baba yake bila kusita, ingawa na bibi yake kijijini wanaongea kwa mkalimani.

Je, ndiyo kusema Wawolofu wamewameza jirani zao? Sioni hivyo moja kwa moja. Mieleka inayojaza viwanja vya Dakar ina mizizi mirefu kwa Waserere. Youssou N'Dour, sauti ya muziki wa mbalax duniani, baba yake ni Mserere. Rais wa kwanza, Senghor, alikuwa Mserere pia. Rais wa zamani Macky Sall ni wa wazazi Wafulani, akakulia Fatick katikati ya Waserere. Na Kiwolofu chenyewe cha Dakar kimechanganyika na Kifaransa kiasi kwamba mzee wa Kajoor hukunja uso akikisikia. Kinachoitwa utamaduni wa Kiwolofu mjini kimepikwa na watu wengi.

Lakini nenda Futa Toro, bonde la mto Senegal. Wasemaji wa Kipulaar, yaani Kifulani cha huko, walikuwa na dola yao ya Kiislamu tangu karne ya 18, wana wanazuoni wao, na ndugu wa lugha yao wametapakaa Mauritania, Mali na Guinea. Ukimwambia mtu huyo kwamba Kiwolofu ni “lugha ya wote”, anachosikia ni jina la jirani yake. Casamance nako, kusini mwa nchi, ambako uasi wa MFDC, kundi linalotaka eneo hilo lijitenge, umekuwepo tangu 1982, malalamiko makubwa ni ardhi na kupuuzwa na serikali, ila watumishi wengi kutoka kaskazini walifika wakisema Kiwolofu. Ajabu ni kwamba vijana wa Ziguinchor, mji mkubwa wa huko, nao wanakiongea, wengine huku wakikilalamikia.

Hapo ndipo mfano wetu unapovunjika. Nyerere alipokishika Kiswahili, hapakuwa na kabila kubwa bara lililoonekana kujinufaisha nacho. Sasa fikiria Dodoma ikitangaza kesho kwamba Kisukuma, lugha ya kabila kubwa kuliko yote, ndiyo lugha ya taifa. Wahaya na Wachaga wangepiga makofi? Tusidanganyane.

Kiwolofu hakihitaji sheria ya kukisaidia. Hata Banjul, mji mkuu wa Gambia, kinatawala mitaani ingawa Wamandinka ndio kabila kubwa zaidi nchini humo. Wanaohitaji fedha za serikali ni walimu wa darasa la kwanza wa Kiserere, Kipulaar na Kijola, pamoja na vitabu vyao. Baadhi ya shule za Senegal zimeshaanza kufundisha kwa lugha za nyumbani. Mtanzania anayetaka kushauri aulize kwanza kama huko Bukoba na Moshi sisi tumefanya hata hilo.