Mwafrika katika ukoo wa Yorkshire: alifika lini?

Revis ni jina la ukoo lililo adimu Uingereza, na kitovu chake ni mashariki ya Yorkshire, jimbo la kaskazini mwa nchi hiyo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walieleza kwamba mwanamume mmoja wa jina hilo, Mzungu wa sura asiyejua kuwa na asili yoyote ya Afrika, ana kromosomu Y (sehemu ya vinasaba ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume) ya kundi A1, ambalo ni la Afrika Magharibi. Wakapima wanaume 18 wa jina lilelile. Saba wakakutwa nayo. Nyaraka ziliwagawa katika matawi mawili yaliyoanzia Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18, na vinasaba vikaashiria kwamba matawi hayo yanakutana vizazi vichache tu nyuma yake.

Sasa huyo Mwafrika wa kwanza alifika lini? Wapo wanaomtafuta enzi za Warumi, na si hoja ya kubeza. Kaizari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia York mwaka 211, na baadaye katika karne hiyo kikosi cha Wamori, watu wa Afrika Kaskazini, kililinda ngome kwenye Ukuta wa Hadrian, boma la Warumi kaskazini mwa Uingereza. Lakini hao ni watu wa kaskazini mwa Afrika, si wa magharibi. Tena, kama kromosomu hiyo ilikuwepo kabla majina ya koo hayajashika, ingetarajiwa kuzagaa kwenye koo nyingine. Watetezi watajibu kwamba uzao wa kiume hukatika upesi: baba akipata mabinti watupu, basi. Ni kweli, ila haitoshi.

Mimi naelemea miaka ya karibu. John Blanke, mpiga tarumbeta mweusi wa Mfalme Henry VII wa Uingereza, alilipwa peni 8 kwa siku mwaka 1507, na kufikia karne ya 18 Waafrika nchini humo walikuwa maelfu, wengi wao watumishi wa majumbani. Mtoto mmoja wa nje ya ndoa aliyechukua jina la mama yake angetosha, na hapo hata wale 11 wasio na A1 wanaeleweka.

Kuwaita akina Revis Waafrika, hata hivyo, ni kutia chumvi. Kromosomu Y hufuata baba wa baba tu, na vizazi 10 nyuma kila mtu ana nafasi 1,024 za wahenga. Polisi wakiamini kipimo hicho peke yake, tone la damu la mzee wa Yorkshire litawatuma kumsaka mtu mweusi.