Mfalme Kauawa Kipindi cha Fizikia

Kama mmeshasoma alichoandika rafiki yangu, kwamba darasa langu limeniua, ni kweli. Alichoficha ni kwamba silaha aliiunda yeye.

Mchezo wa Ngome ndio ninaofundishia fizikia: wanafunzi wanafyatua tufe kwenye grafu ili waue joka. Kundi lina watu wanne: Mpimaji anachagua pembe, Mhasibu anakokotoa umbali daftarini, Mlinzi ana ngao, Mganga anafufua. Joka liko mita 35 mbele ya mzinga, tufe linatoka kwa mita 20 kwa sekunde. Mfalme, yaani miye, nakaa mita 12 nyuma ya mzinga, mahali salama kuliko pote (chekeni tu). Tufe likitua ndani ya mita moja ya mtu, huyo kafa. Na sheria niliibandika ukutani mwenyewe kwa wino mwekundu: MAITI HASEMI MPAKA MGANGA WA KUNDI LAKE AJIBU SWALI.

Lahajedwali la kufyatulia, yaani jedwali la kompyuta linalokokotoa tufe litatua wapi, alilitengeneza yule rafiki. Nililijaribu kwa nyuzi 45 likatoa mita 36.5, wakati jibu ni 40.8. Nikajituliza kwamba ni ukinzani wa hewa. Jamani, fomula ile haina hewa hata ya kuzimia mshumaa.

Basi, kundi la dirishani likachagua nyuzi 30. Mhasibu akasoma kwa madaha: kasi kipeo cha pili ni 400, mara saini (sine) ya 60, yaani pembe mara mbili, gawa kwa 9.8 ya mvuto wa dunia, mita 35.3. Sahihi kabisa. Mkuu wa shule, aliyekaa nyuma kabisa, akatikisa kichwa kuridhia. Nikanyoosha mkono kifalme: "Fyatuaaa!"

Kitone chekundu kwenye grafu kikatoka mzingani. Kikaenda kushoto. Joka liko kulia.

Projekta ikaonyesha -12.4. Kimya. Sauti moja ikasoma polepole, "Hasi kumi na mbili nukta nne..." Macho arobaini yakahama kutoka ukutani hadi kwangu.

"Subirini, hii ni..."

"Mwalimu, maiti hasemi."

Nikamgeukia Mkuu. Akasoma ule wino mwekundu, akasema, "Sheria ni sheria." Na mfalme hana kundi, kwa hiyo hana Mganga!

Nikabaki na mikono. Nikachora duara hewani, nikaonyesha nusu kipenyo kikizungushwa juu ya tao, ndiyo radiani hiyo, kipimo kingine cha pembe badala ya nyuzi. "Anaomba shada la maua," wakatafsiri.

Aliyeniokoa ni Mlinzi, ambaye hata hakuwa na zamu. Aligeuza kikokotoo kutoka digrii kwenda radiani: saini ya 60 ikawa -0.305. Mara 40.8 (ndiyo 400 gawa kwa 9.8), hasi 12.4. Lahajedwali husoma pembe kwa radiani siku zote, kwa hiyo SIN(2*C2), ambapo C2 ni kisanduku cha pembe, inatakiwa iwe SIN(RADIANS(2*C2)). Nanyi mnaotaka kunakili mchezo huu, msijaribu nyuzi 45 peke yake, maana pale kosa linajificha. Nyuzi 30 na 60 lazima zilingane, 45 ifike mbali kuliko zote, 90 itoe sifuri.

Tukarekebisha, wakafyatua tena, joka chali, kengele.

Sasa kundi la dirishani linadai alama za mfalme pia. Joka lina alama 200. Mfalme hakuwahi kupangiwa bei, hivyo wameniletea pendekezo la maandishi: 5.