Jani Lililonifanya Msemaji Bora

Mbwa wetu anaitwa Watasema. Jina hilo alipewa na mke wangu kwa ajili ya majirani fulani, na kila jioni akimwita kwa sauti pale Kadutu, mjini Bukavu, wahusika wanasikia. Ni kambwa kadogo, kanaogopa mbuzi, lakini kanatafuna kila kitu: kandambili, sabuni, hata daftari la hesabu la mtoto, jambo ambalo mwalimu alikataa kabisa kuliamini.

Balaa lililetwa na shangazi wa mke wangu ndani ya kopo la rangi: ua lenye majani mapana ya kijani, yenye madoa meupe kama limerushiwa chokaa. "Saloni bila ua ni ofisi ya kodi," akasema, akaliweka chini pale sebuleni, karibu na mlango. Linaitwa difenbakia. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, kwa hiyo limesafiri kuliko mtu yeyote wa nyumba hii.

Ilikuwa Jumamosi. Saa tisa mchana tulikuwa tunapokea mahari ya binti wa mdogo wangu, na msemaji wa familia nilikuwa mimi. Saa nne asubuhi niko mbele ya kioo na singlendi, ninapanga methali, mara Watasema akapita mbio, povu limejaa mdomoni, anajikwaruza pua kwa miguu. Akatoka hadi barabarani.

"Imbwa iko na kichaa!"

Kwenye kilima chetu habari huteremka haraka kuliko maji ya mvua. Vijana wakatokea na fimbo, mama mmoja na mwiko wa bugali ungali na bugali. Mimi nilikuwa nimeliona jani lililochanika pale saloni, nikapiga kelele: si kichaa, amekula ua!

"Utatuhakikishia namna gani?" akauliza muzee mmoja, ambaye jina la mbwa lilimhusu kidogo.

Basi nikarudi ndani, nikavunja jani zima na kikonyo chake, nikatoka nikalitafuna mbele yao kama mtu anayekula sombe, majani ya muhogo, ya mama yake.

Mwanzo, kimya. Nikamtabasamia muzee. Kisha ulimi ukashika moto, kama nimelamba pakiti ya sindano. Nikataka kusema "mnaona?", ikatoka sauti ya ndama, na udenda mrefu.

"Imemuambukiza!" mtoto akalia.

Barabara ikabaki tupu. Hata yule muzee, ambaye miaka miwili analalamikia goti, alipanda ngazi mbili mbili.

Mke wangu akampigia simu veterineri, daktari wa wanyama. Nilimsikia: "Wako wawili... Hapana, mbwa ni mmoja. Wa pili ni papa wa watoto... Kilo themanini." Upande wa pili ukanyamaza muda mrefu. Nadhani alikuwa amefunika simu ili acheke.

Akaeleza kwamba jani hilo limejaa fuwele ndogo sana za kalisi oksalati, zenye umbo la sindano. Ukilitafuna zinafyatuka na kuchoma ulimi na mashavu. Ndizo hizo zinazowasha kwenye mateke mabichi, maana ua hili na mateke ni ukoo mmoja (nasema mateke ya kupika, magimbi, siyo ya miguu). Tusukutue mdomo kwa maji, tunywe maziwa kidogo, tusilazimishe kutapika. Ni nadra kuua, ila koo likivimba na pumzi ikawa ngumu, tumpeleke mgonjwa mara moja. Hakusema yupi. Na kama ni lazima tupambe, tutafute klorofitamu, lile ua la majani membamba yenye mistari yanayoning'inia kama nywele. Hilo halina sumu kwa mbwa.

Tukakaa chini jikoni, Watasema na mimi, kila mtu na bakuli lake. Alimaliza la kwake akawa anaangalia langu. Adhuhuri alikuwa anakula sambaza, wale samaki wadogo. Yeye alionja akatema. Mimi niliyesoma shule ndiye niliyemeza.

Saa tisa, upande wa kijana wakataja ng'ombe wawili. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikaufunga, nikainua uso juu ili udenda usinidondokee kwenye koti. Wakanong'onezana. Watatu. Nikatikisa kichwa kwa maumivu. Wakatoka nje, wakarudi: wanne, na mbuzi wa mama. Hapo nikainamisha kichwa, maana nilidhani wameanza maombi. Vigelegele.

Mdogo wangu alinikumbatia akiwa karibu kulia.

Sasa difenbakia iko juu ya kabati. Juzi mjomba alikuja, mjomba mwenye mabinti wawili wakubwa. Hakuulizia ulimi wangu wala mbwa. Alisalimia, akakaa, akaliangalia kabati muda mrefu, kisha akatoa mfuko wa nailoni ndani ya koti, akauliza kama ua lile linapandwa kwa mbegu au kwa kijiti.