Springi Ziko Chini ya Kitanda

Leo mwenzangu wa kazini kaniuliza tena: "Zile springi fupi za kushusha gari umeshafunga?" Nikamjibu nafunga wikiendi hii. Akacheka mpaka akakohoa. Mtu mzima mwenye leseni yangu, nachekwa hivyo!

Springi ziko chini ya kitanda. Huu ni mwezi wa saba zimo humo, mke wangu anazipangusa vumbi kama picha ya harusi. Nizifunge saa ngapi? Gari naliondoa giza, nalirudisha giza. Rangi yake naijua kwa kusoma kadi.

Na huyo anayecheka, yeye springi hakununua. Alizikata zile zile zilizokuja na gari, mizunguko miwili kila moja, kwa grainda, akaniita nije kutazama "mkao", yaani gari lilivyolala chini. Nikamwambia, ndugu yangu, springi ukiifupisha inazidi ugumu. Akasema nina wivu.

Juzi akanipa lifti. Tulikuwa wanne, tai shingoni, kikao saa mbili kamili. Saa mbili kasoro tano tuko getini kazini, na pale getini pana tuta.

"Shukeni," akasema.

Tukashuka. Akalipeleka kiupandeupande kama kaa, tairi la kwanza likapita, la pili likapita, halafu krrrr, gari likalala kifudifudi juu ya tuta. Foleni nyuma, honi. Mlinzi akatushikia mikoba, huku akitoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Tukakamata bampa, moja, mbili, nyanyua! Mhasibu akaachia ushuzi, na hakuna aliyecheka, maana kila mtu alikuwa anazuia wa kwake. Gari la nyuma likateremsha kioo. Meneja.

"Mmeharibikiwa?"

Mwenye gari akajinyoosha, akakung'uta koti. "Hapana, bosi. Liko hivi makusudi."

Makusudi! Mimi nimeinama pale, tai imenasa kwenye kibati cha namba, uso umeelekea bomba la ekzosi, naambiwa ni makusudi!

Matairi yake yenyewe yamekwisha upande wa ndani kwa kulala kule, nje bado mapya, basi anayasifia kwa nje. Mwenzetu mwingine alitoka rimu za ofseti 45 akaweka za 35 (namba hiyo ikishuka, rimu inatoka nje), zikachomoza milimita 10, sasa kila kona fenda inachonga tairi. Yule wa spoila, lile bawa la nyuma la magari ya mbio, simsemi, gari lake halijawahi kuivuka gia ya tatu.

Mimi siombi turbo. Naomba Jumamosi moja. Moja tu! Lakini ikifika Ijumaa jioni simu ya kazini inaita: "Kesho pita kidogo." Hicho kidogo huwa kinaisha jua likizama, na ukiuliza kazi yenyewe ni ipi, unaambiwa msubiri fulani, naye fulani alikwenda kununua vocha tangu asubuhi.

Halafu hata nikipata hiyo Jumamosi, jeki sina. Anayo yeye, aliiazima tangu siku ya grainda. Tena ngoja... siku ile getini, tunanyanyua gari kwa mikono, jeki yangu si ilikuwa ndani ya buti?